Toa Upepo Kwanza

Karakana yetu ipo Mkuyuni, nyuma ya duka la nondo.
Tunabandua kutu kwenye matumbo ya boti za chuma,
tunafungua nati za malori yanayobeba dagaa wa Mwaloni,
na wateja wakija huniuliza fundi yuko wapi
huku spana ya upepo inaning'inia mkononi mwangu.

Upepo wenyewe ni wa hapa hapa.
Asubuhi unatoka ziwani, mpole, unanukia magugu,
unapita juu ya mawe,
unazichezesha kanga za jirani Nyanzobe kambani,
haumdai mtu hata thumni.
Kisha kompresa inaukamata.
Inaumeza, inaushindilia tangini,
pumzi nane mahali pa pumzi moja,
na upepo uliobanwa hivyo
hukaa gizani ukiweka kinyongo.

Bugumba aliyenifundisha kazi alikuwa na jicho moja.
Siku hiyo mpira ulichomoka kwenye kiungio,
ukasahau kuwa ni mpira, ukawa swila:
ukajipiga sakafuni, ukapanda ukutani, ukarudi,
na chuma cha mdomoni kikamwona yeye kwanza.
Pini ya kufungia kiungio ilikuwa mfukoni mwake.
Alipanga kuichomeka baada ya chai.

Hakunihubiria hata siku moja.
Kila nilipounganisha mpira alinyoosha kidole tu,
nimwonyeshe pini ilipo,
imeingia, imekunjwa.
Nikadhani nimeelewa.

Mpaka Jumamosi ile ya Lushinge.
Miaka kumi na tisa, kiganja amekikata na ukingo wa bati,
vumbi la kutu limemjaa kama unga wa mtama mwekundu.
Akachukua mdomo wa upepo ajipulizie:
shati, suruali, kisha mkono.
Pshh, basi.
Damu haikutoka. Alicheka, akasema inatekenya.

Kabla ya adhana ya magharibi mkono ulikuwa umeumuka kama andazi.
Niliubonyeza. Chini ya ngozi ukalia
kama dagaa wakavu wanaokanyagwa juu ya mwamba.
Upepo ulikuwa ndani yake,
unatembea kuelekea kiwiko bila kupiga hodi.

Tukapanda mlima wa Bugando kwa bodaboda moja, hatusemi.
Daktari akauliza: presha ilikuwa ngapi?
Nilijua jibu. Namba nazijua zote.
Aibu yangu ni kwamba swali hilo
liliulizwa kwanza hospitali.

Sasa vumbi tunalifagia.
Brashi, ndoo, kitambaa chenye maji.
Inachelewesha, na wateja wananuna, wanune.
Miwani ya kazi nimeitundika juu ya soketi ya kuchajia simu,
maana simu hakuna anayeisahau.
Vizibo vya masikio viko hapo hapo:
sitaki kuzeeka nikijibu kila salamu kwa "eti?"

Na jioni, kabla ya mtu kugusa kiungio chochote:
zima. Funga koki.
Bonyeza mpini, toa upepo uliobaki kwenye mpira
mpaka ulegee kama utumbo wa mbuzi.
Toa na wa tangini, mshale wa geji ulale.
Halafu fungua koki ya chini kabisa.
Yatatoka maji ya rangi ya chai,
siku za masika kikombe kizima.
Hata humu ndani ziwa limeingia,
na lisipotolewa linakula chuma taratibu, kuanzia tumboni.

Lushinge ndiye anayefungua.
Anasubiri mluzi ukate,
anaitazama geji mara ya pili, ingawa sijamwambia,
kisha anaandika tarehe ukutani kwa chaki
kwa mkono wa kushoto.
Herufi zimelala, lakini zinasomeka.
Nje, kanga za Nyanzobe zinainuka, zinashuka.