Kashata Katikati ya Mchoro

Karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari,
nimeibandika ukutani dukani kwa ami, Langoni,
misumari minne, na juu kwa kalamu nene:
SAFARI YA KOFIA MOJA.

Mwalimu wa kozi alisema: mviringo ndio mwanzo,
mstatili ni kazi, mshale ni kuelekea,
na penye swali la ndiyo au siyo
chora pembe nne, umbo lisimame kwa ncha.
Nikaandika daftarini: kashata.

Basi. Mviringo: mteja wa Mombasa apiga simu,
ataka kofia za vito arubaini kabla ya Maulidi.
Mstatili: Famau akata bafta.
Mstatili: Famau huyo huyo agonga chapa ya maua, wino wa buluu.
Mshale mrefu hadi Wiyoni, kwa Mwanajaa na bintize
watoboao vijitundu na kuvizungushia uzi.
Mwingine Matondoni, kwa Bi Zaituni,
ashonaye watoto wakishalala.
Kisha kufua, wanga, pasi.
Kila mtu na ujia wake kwenye karatasi,
umenyooka kuliko kichochoro chochote cha mji huu.

"Na siku uziandike," nilifundishwa.
Lakini ami Shekuwe alikwisha hukumu:
"Ni hao wanawake. Wanazungumza kuliko wanavyoshona."
Hukumu hiyo nikaibeba Wiyoni, mkobani, pamoja na kalamu.

Mwanajaa hakunijibu.
Alitoa daftari la hesabu la mwanawe, kurasa za nyuma:
tarehe ya kupokea, tarehe ya kurudisha.
Hakuna iliyochelewa.
Hata ya wiki ile aliyojifungua.

Nikarudi kuhesabu upya.
Siku kumi na tisa zimepotea baina ya Pasi na Mteja.
Nikahamisha vikaratasi vya kunata, nikapinda mishale,
yote ikaangukia pale pale,
kwenye kashata kubwa ya katikati
niliyoiandika kwa maneno yake mwenyewe:
Ami ameiona?
Ndiyo. Bado.

Bado. Bado. Bado.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nikavuta mtoto wa meza.
Kofia thelathini na moja, zimepigwa pasi, zimelala,
na chini yake miwani mitatu,
kila mmoja mzito kuliko mwenziwe.
Mtoto wa meza alikuwa akimficha mtoto wa jicho.

Kwenye kozi hapakuwa na umbo la hili.
Kulikuwa na saa ndogo ndani ya duara, maana yake kusubiri;
bahasha, maana yake taarifa;
na kama radi hivi, maana yake hitilafu.
Programu ya kompyuta iliweka rangi nyekundu yenyewe
ikaandika KIZUIZI.
Nikaizima.

Akarudi, kandambili mlangoni, akakuta mtoto wa meza wazi.
Hakugomba. Akachukua kofia ya juu, akafumba macho,
akapitisha kidole gumba kwenye vijitundu, taratibu,
kama mtu ahesabuye tasbihi ya mwenzake.
"Hii ya Zaituni. Yule hukaza uzi akiwa na hasira."
Akachukua ya pili.
"Hapa pana tundu moja limelegea."
Nikatazama. Limelegea.

Thelathini na moja, kabla ya alasiri.

Kalamu nene haifutiki,
nikakata kikaratasi, nikakibandika juu ya neno moja.
"Wabadilisha nini?"
"Ameiona, ami. Sasa ni Ameigusa."
Akacheka kwa puani. Kisha, baada ya muda:
"Na siku vidole navyo vikichoka?"

Nilikuwa nimeshaichora, kwa penseli, kwa woga,
njia ya pili itokayo kwenye kashata
ikimpita yeye na meza yake, ikielekea Wiyoni,
kwa Mwanajaa, na ujira wake pembeni.
Nikamshika mkono, nikauweka ukutani juu yake.
"Hapa pana mstari wa vidoti," nikasema, nikamtaja nani.

Alinyamaza hata mwadhini akaanza.

"Ukoze," akasema, akitafuta kandambili kwa mguu.
"Vidoti sivioni."