Zamu ya Saa Tisa

Nilimtoa chini ya boneti ya gari la jirani
asubuhi ya Februari, theluji imegandamana na matope,
pale Bałuty, nyuma ya karakana ya zamani ya tramu.
Wenziwe wawili walikuwa wamekwisha kupoa.
Yeye alikuwa anafungua kinywa tu, bila sauti,
kama mtu anayesema nyuma ya kioo.

Macho yamefumba. Masikio yamejikunja.
Kitovu hakijaanguka, uzi mweusi mkavu.
Nikamtia kifuani, ndani ya koti la kazi
ambalo sijalivaa tangu nistaafu,
nikapanda ghorofa nne nikihesabu pumzi:
zangu nyingi, zake chache.

Bogna akanipigia kutoka Wrocław.
"Baba, usimpe maziwa ya ng'ombe, utamuua.
Usimlaze chali kama mtoto wa mtu.
Mlaze kifudifudi, mpe kwa bomba la sindano, tone kwa tone,
kila baada ya saa mbili. Ndiyo, na usiku.
Akishiba, lowanisha pamba kwa maji ya uvuguvugu
umpanguse chini, taratibu, mpaka akojoe.
Mama yake angefanya kwa ulimi."
Akanyamaza kidogo. "Wewe tumia pamba."

Basi mimi, dereva wa tramu miaka thelathini na mmoja,
mikono iliyozoea breki ya chuma,
nashika kitu chenye uzito wa sabuni iliyokwisha nusu
nikimbembeleza akojoe.
Akikojoa nasema ahsante, kwa sauti,
jikoni, peke yangu.

Siku ya tatu alikataa kula.
Nikamsugua mgongo kwa kitaulo, nikamwambia maneno
ambayo sikumbuki kumwambia mtu,
na saa kumi na moja alfajiri akauma ncha ya bomba
kwa ufizi usio na jino hata moja,
akauma kwa hasira!
Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Bogna alisema mpime kila siku, andika.
Mizani ilikuwapo, ya Wiesia, ya kupimia unga.
Daftari nikalitafuta katika droo yake
ambayo sijaifungua tangu tumzike.
Chini ya mapishi ya keki na risiti za umeme
lilikuwapo moja, jalada la kijani, 1983,
mwandiko wake umelala upande kama nyasi:

*Saa nne, gramu sitini. Katapika.*
*Saa saba, hamsini. Analia.*
*Saa tisa na robo, themanini. Kalala.*
*Tramu imepita.*

Ukurasa baada ya ukurasa. Kanyonya, katapika, analia, kalala.
Na kila usiku, saa tisa na robo, maneno yale mawili.

Ilikuwa tramu yangu.
Nilipita chini ya dirisha hili na taa zangu zote,
nikaona mwanga mmoja ghorofa ya nne,
nikafikiri: Wiesia kasahau kuzima.
Nilifikiri bili.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.
Nikaandika: *Gramu tisini na nne. Kakojoa.*
Chini yake, siku iliyofuata: *Tisini na tisa.*
Kisha mia na nane, na hapo mkono ukatetemeka,
nane ikatoka kama sifuri mbili zinazogombana.

Siku ya tisa jicho moja likafunguka,
la kushoto, ufa wa buluu, kama anayechungulia mgeni
kabla ya kuondoa mnyororo wa mlango.
Sijui aliona nini. Pengine ukungu wenye pua.
La pili lilingoja kesho yake.

Tramu hazipiti tena mtaani kwetu, reli wameing'oa.
Hata hivyo saa tisa na robo, pamba mkononi,
huwa natulia kidogo.

Bogna anauliza jina lake nani.
Namwambia kwanza afike mia mbili.
Habari ya daftari sijamwambia.
Nitampelekea mwenyewe, kwa treni,
nikishapata mtu wa kunishikia zamu.