Sufi Ndani ya Boksi

Nilimsikia kabla sijamwona.
Bati la kibanda changu lilitangulia na habari,
kisha misumari kwenye kopo,
kisha chai ikachora miduara kikombeni:
Nkwabi anakuja. Yuko bado Cheyo,
na mimi niko Isevya.

Proboksi nyeupe, vumbi hadi madirishani,
buti zima limemezwa na boksi la spika
alilolipigilia seremala wa vitanda.
"Fundi Mihayo," akasema, akipunguza kidogo tu,
"hii besi inavuma, haipigi.
Nataka nisikie gitaa. Nasikia tumbo langu."

Nikakaa kiti cha nyuma, nikafunga mlango.
Wimbo ulikuwa wa harusi, nadhani.
Noti moja ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu;
kila bendi ilipoikanyaga, gari zima liliitikia buuu,
na nyingine zote zikapita chini yake
kama mtu anayenong'ona stesheni treni ikiingia.

Watu hudhani dawa ni kuongeza.
Nikarudisha nyuma kifundo alichokikaza hadi mwisho.
Nikaiambia spika kubwa: wewe ishia hapa,
huko juu kuna wenyewe.
Nikageuza waya, nyekundu ikakaa penye nyeusi,
maana za mlangoni zilikuwa zikisukuma
na ile ya nyuma inavuta,
kama watu wawili wanaobeba kabati bila kuhesabiana.
Kibao cha namba kilikuwa kikichekacheka;
nikakikalisha juu ya kipande cha tyubu, kikanyamaza.
Weka kiganja hapa, nikamwambia,
na Nkwabi akahisi boksi likimpumulia kupitia pembeni.
Nikayeyusha nta,
mabaki ya asali aliyoleta shemeji kutoka Sikonge,
nikaziba kila ufa.

Bado ikavuma.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma,
wakaishia hapo.
Hawakusema tulijaze nini.
Nikaingia ndani, nikatoka na mto.
Kalunde alisimama mlangoni akitazama
upande wake wa kitanda ukifumuliwa kwa wembe.
Hakusema neno,
na lile neno ambalo hakulisema
lilikuwa na besi safi kuliko zote za siku ile.

Sufi ikaingia konzi kwa konzi,
si ya kushindilia, ya kuchambua,
kama unavyomtandikia kuku anayetaka kuatamia.
Nikakaza skrubu. Washa.

Du. Ikaisha.
Du. Ikaisha.
Ilipiga hodi, ikasema shida yake, ikaondoka,
haikukaa kuomba maji ya kunywa.
Na pale ilipopaacha wazi
kidole cha mpiga gitaa kiliteleza juu ya waya,
tukamsikia mwimbaji akivuta pumzi
kabla ya kumtaja bibi harusi.

Nkwabi akazima. Akarudisha. Akasikiliza tena.
"Kumbe ni Tausi," akasema.
"Miaka miwili mimi naitikia Zaituni."

Kesho yake alirudi asubuhi, sikumsikia.
Chai ilikuwa imetulia kikombeni
nilipomwona amesimama mbele yangu, uso umekunjwa.
"Fundi, umeniharibia gari.
Kuna kitu kinalia mguu wa mbele kushoto."
Tukazunguka hadi Kitete na kurudi, redio imezimwa.
Kweli, kililia, chembamba, cha siku nyingi.
Beringi, nikamwambia.
Haikuanza jana. Jana ndiyo umeanza kuisikia.

Akanilipa salio, akauliza fundi wa beringi yuko wapi.
Nikamwelekeza Kiloleni.
Aliondoka polepole, dirisha limeshushwa,
kichwa ameinamisha upande wa gurudumu
kama daktari asiye na kipimo.

Mto nimeahidi kununua Ijumaa.
Usiku nalalia mkono,
na Kalunde bado hajasema.