Inchi Moja na Robo

Miezi mitatu sauti ya baba ilikwaruza.
Tukasema ni baridi ya Makete,
tukamchemshia tangawizi.
Yeye, fundi aliyeteremsha maji kutoka mlimani
hadi vituo tisa vya kijiji,
ndiye aliyetufundisha kuwa bomba halipasuki bila kuaga:
hufura kwanza mahali pamoja,
hutoa jasho,
kisha usiku mmoja linasema.

Lake lilisema mchana, siku ya mnada.
Spana ikamtoka mkononi.
"Kama kitenge kinachanwa," alisema,
"huku nyuma, kati ya mabega."

Tulivuka Kitulo saa saba usiku
juu ya magunia ya viazi,
mgongo wake magotini pangu,
nyasi pande zote nyeupe kwa sakitu.
Dereva alikwepa kila shimo
kana kwamba amebeba mayai.

Mbeya.
Daktari Subilaga akaweka kidole kwenye picha:
"Mshipa mkuu. Hapa unapojikunja
kama mpini wa mwavuli, umefura kama parachichi,
na ngozi yake ya ndani imechanika.
Tukingoja kukuche, hatutakuwa na wa kumngoja."

Nikatia sahihi.
Kalamu ilifungwa mezani kwa bendeji, isiibwe.

Zikatakiwa chupa kumi na mbili za damu.
Wakaja vijana wa bodaboda wa Mwanjelwa, kofia mikononi.
Mmoja, Ambakisye, hakuuliza damu inaenda kwa nani.
Aliuliza kama pikipiki yake iko salama pale nje.

Muuguzi akanieleza polepole:
watampoza mwili hadi nyuzi kumi na nane,
watausimamisha moyo,
damu isitembee popote wakati wanashona.
Funga koki ya juu kwanza,
baba alikuwa akitukemea, ndipo ukate.
Nikawaza: basi wanamrudisha Kitulo,
kwenye ile sakitu, safari hii peke yake.

Dakika thelathini na moja
baba yangu hakuwa na pigo hata moja.
Niliambiwa baadaye. Nikahesabu kurudi nyuma:
ni wakati ule nilipokuwa benchini
nakula andazi,
nalalamika moyoni kwamba limelala.

Siku ya nne akafumbua macho.
Akamwita daktari kwa kidole.
Daktari akainama, akidhani anaomba maji.

"Mmeweka la inchi ngapi?"

"Moja na robo, mzee. La kitambaa."

"Kitambaa."
Akalitafuna neno hilo kitambo.
"Na viungio?"

"Nimeshona kwa mkono. Mwenyewe."

Hakumsifu. Alifumba macho, akageuza sikio kidogo,
kama afanyavyo akipiga goti mtaroni
maji yakishaachiwa kule juu,
na watu wote na ndoo zao wamenyamaza,
na yeye bado hajasema kitu.