Siku ya Tano

Walimleta mara ya tatu, Bi Bunpheng wa Chonnabot,
mfumaji wa hariri, miaka hamsini na miwili,
tezi zimemjaa shingoni kama shanga alizozimeza.
Faili lake zito kuliko yeye.
Miezi tisa ya vidonge vya kifua kikuu:
mkojo ukageuka rangi ya chungwa,
homa haikugeuka.

Virusi, hana. Sukari, hana. Saratani
wameitafuta mpaka kwenye uboho wa nyonga.
*Anakunywa dawa kweli?*
mtu kaandika pembezoni kwa wino wa buluu.
Mwanawe, Kittiphat, akaja na vifuko vitupu,
mia mbili na sabini, vimefungwa kwa uzi wa hariri,
akavimwaga mezani. Hakusema neno.

Mimi sikai wodini. Nakaa chini, chumba cha mwisho,
na darubini, na kabati la joto.
Watu nawajua kwa namba na kwa usaha wao.
Nilipaka, nikaunguza, nikamwaga wekundu, nikaosha kwa asidi:
vijiti vikakataa kuoshwa.
Hapo ndipo wengi husimama.
Vijiti vyekundu, kifua kikuu, basi.
Mvua ilipiga mabati ya Khon Kaen tangu adhuhuri;
nami ningeweza kusimama hapo, nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya tano nikafungua kabati.
Juu ya sahani, vipele vyeupe,
kama punje za wali wa kunata
zilizosahaulika ukingoni mwa kikapu.
Siku ya tano!
Kifua kikuu hujivuta wiki tatu, nne, kama mdeni.
Anayebisha hodi mapema hivi ni mwingine.
Haraka haina baraka, sawa;
ila siku ile mimi niliibariki.

Nikampigia Daktari Orathai. Kimya.
Kisha: damu nayo imeota?
Imeota.
Uboho?
Bado. (Ukaota siku ya saba.)
Mdudu wa udongo na wa bomba,
ambaye mimi na wewe twamnywa kila asubuhi
na jioni tunakula vizuri.
Kwake yeye, nani kafungua mlango?

Damu ikasafiri kwenda Bangkok juu ya barafu.
Jibu likarudi na karatasi moja:
mwili wake umeunda kingamwili
za kumvizia mjumbe anayeamsha askari.
Mjumbe hauawi.
Ndani yake anauawa kila saa, njiani,
na askari wamelala, bunduki mapajani.

Daktari alimweleza kwa Kilao, polepole.
Bi Bunpheng akashika ncha ya shali yake.
"Kwa hiyo kinilacho," akasema,
"nimekifuma mwenyewe."
Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo.

Hajapona. Ana dawa nyingine, sindano, mwaka mzima, labda miwili.
Faili liliposhushwa kwangu nitie sahihi
nilitafuta ule ukurasa wa wino wa buluu,
nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya:
*Alikunywa. Zote.*