Asunción, Maji Yalipopungua

Nilikuja kwa miezi mitatu kukagua injini za matishari ya soya.
Mto ukashuka. Matishari yakalala matopeni kama nyati walioshiba,
na ofisi ikaniandikia: subiri.
Nikasubiri miezi kumi na mmoja.

Ña Deolinda alinipa chumba cha uani, mtaa wa Sajonia:
kitanda cha chuma, feni yenye bawa lililopinda,
na funguo tatu, mbili kati yake hazikufungua kitu.
Nikamwuliza ni za nini.
Akasema: zilikuwepo.

Mji huu hulala mchana. Sikuamini.
Saa saba nikatoka na ramani, nikavuka mitaa mitano
bila kukutana na jicho lililo wazi.
Maduka yameteremsha vyuma, mbwa wamejitandaza vizingitini,
machungwa machungu yanaanguka yenyewe barabarani,
pu,
kimya,
pu,
na hakuna mtoto wa kuyaokota.
Nikadhani pana msiba.
Nikapunguza mwendo, kwa heshima ya marehemu
ambaye hakuwepo.

Jua lilipolegea viti vikatolewa nje.
Pembe ya ng'ombe iliyojaa majani, mrija wa chuma,
jagi la maji ya barafu: tereré.
Osmar, mwana wa nyumba, kinyozi, ndiye mminaji.
Unafyonza hadi mrija ukorome, unarudisha,
anamimina kwa anayefuata.
Zamu yangu ilipofika nikafyonza, nikarudisha,
nikasema asante kwa Kihispania nilichokariri kwenye ndege,
maana nimelelewa.

Pembe haikunirudia.
Jioni ile, na ya pili, na wiki nzima:
nasema asante, pembe inaniruka
kama dimbwi linavyorukwa na mwenye viatu vipya.
Nikaandika nyumbani: watu wa hapa ni wachoyo.

Ña Porfiria, muuza dawa za majani wa Soko la Nne,
ndiye aliyenizindua, huku akitwanga mnaanaa na mizizi
katika kinu ambacho ningeapa nakijua:
"Binti, asante ni neno la mlangoni.
Ukilisema, umetosheka.
Mwenye kiu hunyamaza."

Basi nikajifunza, kwa umri huu,
adabu ya kufunga mdomo.

Lugha yao nyingine, Kiguarani,
ile ya jikoni na matusi na mapenzi,
ina sisi mbili.
Ore: sisi, wewe ukiwa nje.
Ñande: sisi, nawe ndani.
Nikawa nasikiliza kama fundi anayetafuta mlio kwenye injini.
Ore hatuogopi joto. Ore tunaoga mara tatu.
Ore, ore,
na mimi naosha sahani zile zile.
Kiswahili changu kina sisi moja, pana kama mkeka;
sikuwahi kuuliza ni nani
tulimwacha amesimama pembeni, akidhani ameitwa.

Agosti upepo wa kusini ulileta baridi,
lapacho zikachanua waridi bila jani hata moja,
na bomba la jikoni likapasuka saa nane za usiku.
Nikalifunga kwa spana ya tishari na kipande cha mpira wa baiskeli.
Ña Deolinda ameshika tochi, nguo ya kulalia imelowa hadi magotini.
Maji yalipokoma alimwambia Osmar, bila kunitazama:
"Kesho ñande tutafute fundi wa kweli."

Nikatukanwa, nikakaribishwa, kwa pumzi moja.
Sikulala. Nilicheka hadi mbwa wa jirani akabweka.

Februari mvua ikanyesha kaskazini. Mto ukainuka,
matishari yakaondoka moja moja, hayana shukrani,
na ofisi ikaandika: rudi.

Jioni ya mwisho pembe ilizunguka mara sita, mara saba.
Teksi ilipiga honi. Osmar akanitazama, jagi mkononi,
akingoja neno.
Lilikuwapo kinywani, zito kama nati.
Nikarudisha pembe kimya, nikainua begi.
Mfukoni, zile funguo mbili ziligongana.