Hesabu ya Jioni

Saa kumi tu, na jua la Januari limeshachoka.
Milima ya Wales imenyunyiziwa chumvi.
Idwal kasimama nyuma ya zizi, darubini shingoni,
pumzi ikimtangulia kama moshi wa kuni mbichi.
Maji ya kondoo kayavunja mara tatu leo,
mara tatu yamerudi kuwa jiwe.

Ukutani, kisanduku cha mbao,
tundu lake upana wa sarafu.
Nyumba njema si mlango.

Anakuja wa kwanza: kahawia, mkia juu
kama kidole kinachokanya,
uzito wa barua ya karatasi moja.
Idwal alibeba barua miaka thelathini; anaujua uzito huo.
Wa pili. Wa saba. Wa kumi na tisa.
Kiangazi hawahawa hugombea kichaka kimoja;
leo wanabanana tabaka kwa tabaka,
vichwa ndani, mikia nje,
njugu gandani.

Thelathini na mmoja.
Anaandika kwa kidole kisichohisi penseli.

Alfajiri, nyasi zinavunjika chini ya viatu.
Anawahesabu wakitoka:
thelathini.

Anangoja. Chai inapoa.
Kisanduku hakifungui.

Daftarini anaacha mstari mmoja mtupu,
kisha anaenda kuvunja maji.